Nta ya Bi Hilja Kabla ya Lori la Chumvi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Hilja Raatikka ni mgongo wa mkono wake. Mama yangu na mimi tulikuwa tumehamia Barabara ya Salo wiki ileile, naye akaja kutuletea mkate mtamu wa iliki uliofungwa kwa taulo. Kabla hajabisha hodi, alisimama kando ya gari letu, akauweka mgongo wa mkono wake juu ya boneti, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akabisha. Mama alipofungua, Bi Hilja hakuanza na jina lake wala na makaribisho. Alimwambia kwamba gari lake lina kiu, na kwamba likiingia kwenye baridi bila kupakwa nta ya kuikinga rangi, chumvi italila kuanzia chini mpaka ifike kwenye viti.

Mama alicheka, akadhani huo ni utani wa wenyeji. Theluji ilipoyeyuka mwaka uliofuata, tukaona mlango wetu wa nyuma umetoboka tundu la kupitisha kidole. Tangu siku hiyo, Bi Hilja akisema jambo kuhusu gari, nyumbani kwetu hakuna anayecheka.

Huku kwetu rasini, ziwa linatuzunguka pande tatu, na theluji inayotoka ziwani haina adabu. Mara nyingi inaanza kabla majani hayajaisha mitini na inaondoka watu wakiwa wamekwisha kuisahau rangi ya nyasi. Ikianguka, malori ya chumvi yanatoka usiku na mchana kuyeyusha barafu ya barabara kuu, na chumvi hiyo hiyo inarukia magari na kuyatafuna. Wengi wamekubali kushindwa. Wananunua gari, linaoza, wananunua jingine. Bi Hilja hajakubali. Gari lake la kijani kibichi, lile refu lenye buti la kuingiza kitanda, alilinunua na marehemu mumewe Arne wakati mimi sijazaliwa, na bado linang'aa kiasi kwamba wageni humuuliza kama ni la maonyesho. Yeye hujibu kwamba ni la kwendea dukani.

Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa basi la shule. Nusu ya watu wazima wa wilaya hii wamewahi kuambiwa na yeye waketi chini, na mpaka leo akiingia benki utaona wanaume wenye ndevu wakinyoosha migongo. Ana mwili mdogo, miguu mifupi, na sauti ambayo haihitaji kupanda ili isikike. Sijawahi kumwona akiwa na shaka juu ya jambo lolote linalohusu magurudumu.

Kila mwaka hupaka nta wiki ambayo majani ya miti ya mibetula yanageuka manjano, jua lingali na joto kidogo. Mwaka huu hakuweza, na sababu yake ndiyo iliyofanya jambo dogo kama nta likawa jambo la nyumba yake na maisha yake.

Wakati wa kiangazi kulitokea kivimbe kwenye madigadi ya nyuma, upande wa kulia. Kidogo tu, mfano wa lengelenge la kuungua. Lakini binti yake, Marlys, aliyekuja kumsalimu, alikibonyeza kwa kidole na kidole kikazama kwenye kutu. Marlys anaishi Green Bay, mwendo wa nusu siku kwa gari. Ana mume, ana nyumba kubwa, na ana chumba cha ziada alichokitia mapazia mapya kwa ajili ya mama yake. Bi Hilja huyataja mapazia hayo kama mtu anayetaja jeneza lililokwisha kupimwa. Hapa Barabara ya Salo, bila gari hufiki dukani, hufiki zahanati, hufiki kanisani. Siku gari litakapokufa, hakutakuwa na jingine, na Bi Hilja atahamia kwenye mapazia.

Mama na binti waliafikiana kwenye simu kwamba gari litengenezwe kwanza. Marlys angekuja na mumewe, Rodger, kwa Sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba. Rodger ananunua na kuuza magari yaliyotumika, na jicho lake halidanganyiki. Angelikagua. Akiona kutu imerudi, au rangi mpya imeanza kuchakaa, Bi Hilja angekabidhi ufunguo. Akiona gari ni zima, suala la mapazia lisingetajwa tena mpaka theluji iyeyuke. Bi Hilja alikubali bila kubishana. Alituambia baadaye kwamba alikuwa akimhurumia Rodger, kwa kuwa angesafiri mbali kuja kusema kile ambacho yeye alikuwa akikijua tayari.

Kenny, fundi wa rangi, aliikata ile kutu yote, akaziba pengo kwa puti, akapaka rangi ya kijani ileile hivi kwamba huwezi kuona kiungo. Ila alimpa sharti moja. Rangi mpya inahitaji kupumua, alisema, kwa hiyo asiifunike kwa nta mpaka msimu wa kuwinda kulungu uwe umefunguliwa. Mtu mwingine angempuuza. Bi Hilja alimtii, kwa sababu, alivyoeleza, mtoto aliyewahi kutapika kwenye basi lake hawezi kumdanganya akishakuwa mkubwa.

Basi mibetula ikageuka manjano, ikapukutika, nyasi zikawa za kahawia, theluji ikachelewa, na gari likasubiri nje. Lilikuwa nje kwa sababu gereji lake liliangushwa na uzito wa theluji mwaka uliopita. Msimu wa kulungu ukafunguliwa, wawindaji wakaanza kupita na kofia zao za rangi ya chungwa. Na Jumamosi iliyofuata, redio ikatangaza kwamba tufani ya kwanza ya theluji itatoka ziwani Jumapili jioni. Maana yake malori ya chumvi yangekuwa barabarani Jumatatu, na Rodger angekuwa uani Jumatano.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi nilimwona kupitia dirisha. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo, shahada ikiwa imefungwa kwenye boksi na kazi bado sijaipata, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutazama majirani. Madimbwi ya uani yalikuwa yameganda. Bi Hilja alikuwa amevaa koti la Arne lililomfika magotini, na kopo la nta alikuwa amelitia kwapani ili lipate joto. Alichota nta kidogo kwa sponji, akaigusisha mlangoni. Ikakwama. Ilikuwa ngumu kama samli iliyoganda, na pale ilipokubali kushika ilitambaa kwa michirizi, haikukauka, haikugeuka weupe kama inavyotakiwa. Aliuweka mgongo wa mkono juu ya chuma, akauondoa, akaufuta ule mchirizi wote mpaka mlango ukawa kama haujaguswa.

Ng'ambo ya barabara, Mzee Waino Pelkonen alikuwa amesimama kwenye ngazi zake na kikombe cha kahawa. Ni mgane, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, na starehe yake kubwa ni kumchokoza Bi Hilja.

"Bi Hilja," alisema, "hapo unalipaka gari au unalikanda mgongo?"

"Nenda kanywe kahawa yako, Waino."

"Ndiyo hii nainywa. Lakini naona gari linatetemeka, nikasema nije nilipe pole."

Bi Hilja alilizunguka gari mara moja, akatazama ziwani ambako mawingu yalikuwa yameshaanza kujipanga. Kisha akamuuliza Mzee Waino kama lile jiko lililo bandani mwake bado linawaka.

Hapa inabidi nilieleze jiko hilo. Kila nyumba ya barabara yetu ina sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea kwa joto, chenye jiko lililojazwa mawe juu. Unawasha kuni, mawe yanapata moto, unayamwagia maji kwa kata, na mvuke unakupanda mpaka uhisi mifupa imelegea. Jumamosi ndiyo siku yake, na imekuwa hivyo tangu mababu wa watu hawa walipokuja kutoka Ufini kuchimba shaba. Mzee Waino alikuwa amejenga sauna mpya, na jiko la ile ya zamani alilihamishia bandani, mawe yake yote juu, ili apate joto anapotengeneza mitambo yake wakati wa baridi. Banda lina milango mipana. Gari la Bi Hilja lingeingia na nafasi ibaki.

Mzee Waino alisema jiko linawaka vizuri kuliko yeye. Bi Hilja akakubali kulitumia, kwa masharti. Asiguse gari. Asitoe ushauri. Asivute sigara. Kazi yake iwe kutia kuni na kukaa.

"Kukaa ndiyo fani yangu," alisema Mzee Waino.

Mchana huo mama alinituma niwapelekee pai za nyama na viazi, nikabaki huko huko. Nilipofika, gari lilikuwa ndani, limeoshwa kwa maji ya moto kutoka kwenye ndoo iliyokuwa kando ya jiko, na Bi Hilja alikuwa akilikausha kwa vitambaa. Kopo la nta lilikuwa juu ya rafu karibu na bomba la moshi, na nta ilikuwa imelainika kama siagi ya mezani. Joto lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kujaa. Pumzi zetu bado zilionekana.

Alianza na madigadi ya nyuma, upande wa kulia, ile iliyotengenezwa. Nakumbuka vizuri alivyoiendea moja kwa moja, sponji mkononi, kama mtu anayekwenda kumsalimu mgonjwa kabla ya wenyeji. Alipaka duara ndogo ndogo, akafuta, akatabasamu. Kisha akaendelea na mlango, boneti, paa. Kazi yake haikuwa ya haraka. Alipaka nta nyembamba mno, hata nikadhani hajapaka kitu, akasubiri ikauke iwe kama ukungu, akaipitisha kidole. Kidole kikiacha njia safi, alifuta kwa kitambaa cha pili. Kabla ya kuanza kila moja ya sehemu hizo, aligusa chuma kwa mgongo wa mkono. Alipofika sehemu ya mwisho, banda lilikuwa na joto la kuvua makoti, na gari lilikuwa linaakisi moto wa jiko.

Mzee Waino alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mawe. Alikuwa amebaki na fulana. Mashavu yalikuwa mekundu, macho nusu yamefumba, tumbo limejaa pai. Alikuwa akisimulia jinsi baba yake alivyojenga sauna kabla ya kujenga nyumba, na familia nzima ikaishi humo mpaka mwaka wa pili. Hadithi hiyo tunaijua wote. Katikati ya sentensi, bila kusita, bila hata kutazama, mkono wake ulishuka kwenye ndoo, ukachota kata moja ya maji, ukayamwaga juu ya mawe.

Mawe yalinguruma. Mvuke ulipanda mpaka darini, ukageuka, ukashuka juu ya gari zima. Kwa muda sikuona kitu isipokuwa weupe. Ulipopungua, boneti, milango, vioo, kila kitu kilikuwa kinatiririka maji.

Mzee Waino aliitazama kata iliyokuwa mkononi mwake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Waino," alisema Bi Hilja.

"Ni mkono tu," alisema Mzee Waino. "Leo Jumamosi."

"Umeliogesha gari langu."

"Sikukusudia. Nimekaa karibu na mawe, nimepata joto, mkono ukajua wenyewe."

Aliinuka akakimbilia mlango aufungue mvuke utoke. Bi Hilja alimwambia aache, kwa sauti ile ya basi, naye akaacha mkono ukiwa kwenye komeo. Baridi ikiingia ghafla, alimweleza, maji yote haya yatakuwa barafu juu ya rangi. Mzee Waino alirudi kwenye benchi, akaketi kama mwanafunzi wa kiti cha mbele. Nilimhurumia. Anamchokoza Bi Hilja kila siku iendayo kwa Mungu, lakini jirani yake huyo akihamia Green Bay, sijui mzee huyo atamchokoza nani.

Bi Hilja alichukua taa ya mkononi, akaanza kulizunguka gari huku ameinama, mwanga ukipita juu ya chuma kwa ubavu. Nilidhani anatafuta hasara. Kwenye boneti maji yalikuwa yamesimama kwa matone ya mviringo, yamejitenga, kila moja na kivuli chake. Kwenye paa vilevile. Kwenye milango matone yalikuwa yanateleza na kukimbia. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika kila hatua. Alipofika kwenye madigadi ya nyuma, upande wa kulia, akasimama.

Pale hapakuwa na matone. Maji yalikuwa yamelala juu ya rangi, bapa, kama kitambaa kilicholowana. Nta haikuwa imeshika. Ulikuwa mng'ao mtupu wa kusuguliwa, na chini yake rangi mpya ilikuwa uchi.

Aliweka mgongo wa mkono pale, akaushikilia kwa muda mrefu. Kisha akanyooka.

"Hapa sikupima," alisema. "Nilikuwa na haraka nayo kuliko zote, nikaipaka ingali na baridi. Na hapa ndipo Rodger atakapoinama kwanza."

Mzee Waino aliinua kichwa. Rangi ilianza kumrudia usoni.

"Kwa hiyo bila mkono wangu usingejua."

"Waino, mkono wako ushukuru kwamba bado unao."

Lakini alikuwa akicheka, nami nikajua kwamba gari litapona. Mzee Waino alikwenda mbio kwenye sauna yake mpya, akaleta taulo zote safi alizokuwa ameziandaa kwa jioni, akazitoa kama mtu anayelipa faini. Walikausha gari pamoja, yeye akiruhusiwa kugusa vioo tu. Ndoo na kata vilitolewa nje, vikawekwa mahali ambapo mkono wa mtu aliyeketi haufiki. Kuni kavu zikaongezwa, dirisha dogo la juu likaachwa wazi kidogo ili unyevu utoke polepole. Bi Hilja aliifuta madigadi mpaka ikawa kavu kabisa, akaketi kando yake kwenye kreti, mgongo wa mkono ukiwa juu ya chuma, akasubiri. Puti, alisema, ni nzito kupata joto kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo kiraka kinachelewa hata gari lote likiwa vuguvugu. Alilisema jambo hilo kwa utulivu, kana kwamba amelijua siku zote, ingawa nadhani alikuwa amelijua dakika hiyo.

Mkono uliporidhika, alipaka. Safari hii ukungu ulitokea sawasawa, mweupe, bila michirizi. Alifuta, akasubiri, akapaka mara ya pili. Giza la Novemba, ambalo halingoji jioni, lilikuwa limeshajaa nje aliponituma nilete ndoo. Alichota maji kidogo kwa kata, akamtazama Mzee Waino, akayamwaga yeye mwenyewe juu ya madigadi. Maji yalipasuka yakawa shanga. Zikakimbia hadi ukingoni, zikadondoka, rangi ikabaki kavu.

"Haya," alisema. "Sasa nenda kawashe sauna yako, Waino. Mimi nitaingia kwanza. Wewe leo umeshapata mvuke wako."

Jumapili jioni theluji ilikuja kama ilivyotangazwa. Jumatatu nilikwenda naye mjini. Lori la chumvi lilitupita kwenye mlima, likaturushia mchanganyiko wake wa kijivu ubavuni, upande wa kulia hasa, nami nikakunja uso. Bi Hilja hakugeuza hata kichwa. Aliendelea kunieleza jinsi ya kushika usukani kwenye barafu, na kwamba kazi nitaipata nikiacha kuandika barua ndefu. Tulipofika nyumbani alisuuza gari kwa maji, na uchafu wote ukateremka kwa mara moja, kama umesukumwa.

Leo ni Jumatano. Nimekaa jikoni kwa Bi Hilja, mkate wa iliki uko mezani na hautakiwi kuguswa mpaka wageni wafike. Gari ameliegesha uani kwa namna ambayo mtu akiingia tu, kitu cha kwanza atakachokiona ni madigadi ya nyuma, upande wa kulia. Mtu mwingine angeificha ukutani. Mlangoni ameweka chupa ya chai iliyojaa maji ya vuguvugu. Hayo ni ya kumwagia pale mbele ya macho ya Rodger, kabla hajavua glavu, ili aone mwenyewe.

Mzee Waino amekuja bila kualikwa, amevaa shati la kanisani. Ameomba aruhusiwe kumwaga yale maji. Anasema mkono wake una uzoefu. Bi Hilja amemwambia akae, naye amekaa, lakini nimeona amechagua kiti kilicho karibu na ile chupa.

Marlys amepiga simu kutoka darajani, mjini. Amemuuliza mama yake kama barabara ni mbaya. Bi Hilja amemjibu kwamba kwa gari lake ni nzuri. Sasa amevaa koti la Arne na kusimama dirishani, na kule kwenye kona, nyuma ya misonobari iliyobeba theluji, kuna injini inayopunguza mwendo.